Konseto za obo za Baroque: Holliger au Robson? Uzoefu wangu

Wadau habari za saa hizi. Kuna ndugu aliniuliza kama hizi konseto za obo (yaani muziki wa obo moja ikiongoza mbele ya okestra) za enzi za Baroque, Ulaya ya karibu 1600 hadi 1750, zinafaa kutolewa hela au ni muziki wa kulalia tu, nikaona niandike kabisa maana kwa meseji haitoshi.

Nilizonazo ni rekodi mbili za konseto za Albinoni, mtunzi Mwitaliano wa enzi hizo. Moja ya Heinz Holliger, yule Mswisi, akiwa na okestra ya I Musici, ya kampuni ya Philips, na nyingine ya Anthony Robson na okestra ya Collegium Musicum 90, ya kampuni ya Chandos. Kama hela yako ni ya moja tu chukua Robson, hapo sina mjadala.

Kwa asiyeijua, obo ni ndugu yake zumari, zote mtu anapuliza vipande viwili vyembamba vinavyotetemeka mdomoni, kwahiyo aliyekulia Pwani akazoea zumari kwenye ngoma za harusi ule mlio wa puani haumshtui hata kidogo. Obo yenyewe ilitengenezwa Ufaransa karne ya 17, enzi za mfalme Louis XIV, ikatulizwa sauti iweze kukaa ukumbini na violini bila kuzimeza. Waitaliano wakaidaka na Albinoni wa Venice akawa kati ya wa mwanzo kabisa kuichapishia konseto, Opus 7 (yaani chapisho lake namba 7) mwaka 1715, afu Opus 9 mwaka 1722. Jamaa kwao walikuwa wanatengeneza karata za kuchezea, aisee, na hakuwa na shida ya kuajiriwa ndo maana alikuwa anajiita mpenzi wa muziki tu, ila kazi yake sasa!

Sasa kwanini Robson. Yeye anapiga obo ya mtindo wa zamani, ya mbao, yenye vibonyezo viwili vitatu tu, matundu mengine yote anaziba kwa vidole, na tuni iko chini karibu nusu sauti kuliko ya leo (noti ya A ni mitetemo 415 kwa sekunde badala ya 440). Matokeo yake noti hazilingani, kuna zinazotoka wazi na kuna zinazotoka kama zimefunikwa, manake vidole vinabidi viruke, ziba hili acha hili ziba lile, na huko kutolingana ndo utamu wenyewe, wimbo unakuwa na kivuli na mwanga bila mtu kulazimisha. Holliger obo yake ni ya kisasa, kila noti imenyooka kama shati lililopigwa pasi, anapiga vizuri mno sibishi, ila ukisikiliza albamu nzima unaanza kuchoka na huo unyoofu.

Lakini hebu tumpe haki yake. Nenda Opus 9 namba 2, ile ya ufunguo wa D minor, sikiliza Adagio yake, yaani sehemu ya polepole, ya katikati. Violini zinaanza kuzunguka polepole, zinapanda zinashuka, hakuna haraka, afu obo inaingia na noti moja ndefu ambayo inaanza kwa mbali sana, huna hakika hata kama imeshaanza, inavimba inavimba ndo wimbo unatoka humo humo ndani. Pale Holliger hana mpinzani, huyu ana ile mbinu ya kuvuta hewa puani huku mashavu yanasukuma, kama wapiga zumari wetu tu, kwahiyo wewe msikilizaji husikii mahali sentensi inakatika. Na watu wanadhani mpiga obo anaishiwa pumzi, wala, tundu ni dogo mno hewa haitoki yote, inabaki kifuani imeshachoka na lazima aitoe kwanza ndo avute nyingine. Kazi kweli.

Malalamiko yangu makubwa ni kwa apu ninayolipia kila mwezi, jina naliacha. Ukitafuta Albinoni kitu cha kwanza inakupa ni ile Adagio ya G minor ya kwenye matangazo na misiba, ambayo iliandikwa na Remo Giazotto ikachapishwa 1958, Albinoni keshaoza zamani! Afu nyimbo zinaandikwa "Adagio", "Allegro", "Adagio", basi, hujui ni ya konseto gani, na ukigusa vibaya inazichanganya, unatolewa katikati ya D minor unatupwa kwengine kabisa. Konseto ya Marcello nayo wameweka jina la Benedetto wakati ni ya kaka yake Alessandro. Hiyo usiikose jamani, ya D minor nayo, ilichapishwa Amsterdam karibu 1717, ila Bach, mtunzi wa Kijerumani, alikuwa keshaipata kabla akaigeuza ya kinanda (kwenye orodha ya kazi zake ni BWV 974), na yale mapambo aliyoyaandika Bach kwenye Adagio ndo wapiga obo wengi wa leo wanayaazima. Yaani obo imekopesha kinanda, kinanda kikarudisha na riba.

Ushauri wa kununua: CD bado inashinda kwa muziki huu, angalau kile kijitabu kinakwambia unasikiliza nini. Spika ya simu sahau, besi haipo na obo inageuka nyuki.

Ukimaliza Albinoni tafuta konseto ya mtunzi Telemann ya A major ya obo d'amore, ni obo kubwa kidogo, sauti iko chini, mdomo wake wa mbele umevimba kama kitunguu, haipigi kelele kabisa. Konseto za obo za mtunzi Vivaldi mimi zinanichosha, mbio nyingi na noti za kupanda na kushuka nyingi, labda ile ya A minor, RV 461 (RV ni namba za orodha ya kazi zake). Ila huyo huyo Vivaldi kwenye fagoti, ambayo ndo babu mwenye sauti nzito wa ukoo huu, ameacha konseto 39, sijui nani alimtuma, na ndo niko nazo sasa hivi, mpaka leo inayoongoza ni ya E minor, RV 484. Mwenye rekodi yake nzuri aniambie.