Lenana kutoka Kibuye: mwongozaji tisa kwa kumi, jaketi tatu

Niseme mapema. Ukiwa mtu wa Kisumu na hujawahi kupanda mlima wowote wa maana, pesa zako zielekeze kwa mwongozaji mzuri na kwa usiku mmoja wa ziada kule juu. Malazi, chakula na gari la kukutoa Nanyuki, vikiwa vya wastani utavumilia. Sisi wa chama tulipanda Mlima Kenya mwezi wa pili na kampuni ndogo ya Nanyuki ambayo siitaji, maana siwatangazi wala siwachafui. Mwongozaji wao ni mtu wa kuaminika. Stoo yao ya vifaa, hapo ndipo ninapogomba.

Mimi nashona nguo soko la Kibuye, hapa Kisumu: sare za shule, magauni ya harusi, kupunguza suruali za mtumba. Kwa hivyo wenzangu wakipiga picha nje ya ofisi, mimi niligeuza jaketi la kukodi nje ndani. Majaketi haya ya manyoya ya bata hushonwa vyumba vyumba ili manyoya yasiteremke yote kiunoni. Yale ya bei nafuu mshono wake unapenya kutoka kitambaa cha nje mpaka bitana, na pale uzi unapopita hakuna manyoya, kwa hivyo baridi inaingia kwenye mstari huo huo. Yale ya bei ya juu yana ukuta mwembamba wa kitambaa kati ya chumba na chumba, na joto linakosa pa kutorokea. Langu lilikuwa la aina ya kwanza, la bei nafuu, jambo ambalo si dhambi, ila mabegani vyumba vilikuwa vitupu. Ukifinya, vidole vinakutana.

Nilikataa. Nikaletewa jingine lenye manyoya ya kutosha, lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa umerudiwa na mtu ambaye sitaki kumjua, kwa uzi wa pamba, mishono mirefu kama ya kufunga gunia la mkaa. Nikalichukua hilo. Juu yake nilivaa koti la mvua la mtumba nililonunua hapa hapa sokoni, na hilo ndilo lililozuia upepo. Tochi za kichwani walizotupatia zilikuwa nzima, lakini betri zilikuwa za kubahatisha. Beba zako, na usiku lala nazo ndani ya nguo, kwa sababu baridi huzimaliza.

Mifuko ya kulalia nayo ilikuwa na ugonjwa wa zipu. Unafunga mpaka kifuani, unageuka, unakuta imeachana nyuma ya kichwa chake, kile kipande unachovuta. Wengi husema zipu imekufa. Angalia meno kwanza: yakiwa kamili, ujue kichwa ndicho kilichopanuka kwa kuvutwa vibaya. Jioni ya kwanza pale kambi ya Old Moses niliazima koleo ya mpishi, nikakibana kichwa kidogo upande huu, kidogo upande ule, nikajaribu, ikashika. Baada ya hapo foleni ikaanza, hadi wageni wa kundi jingine wakaja na zao. Ofisi bado haijanilipa ufundi.

Sasa mambo ya mwinuko, maana hapa ndipo watu wa ziwani wanapoumia. Kisumu iko mita 1,131 tu juu ya usawa wa bahari. Lango la Sirimon tulikoanzia liko mita 2,650, Old Moses 3,300, kambi ya Shipton's kama 4,200, na Point Lenana, kilele tulichokiendea, 4,985. Ushauri wa madaktari wanaoshughulika na milima ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Piga hesabu mwenyewe: kutoka Old Moses mpaka Shipton's ni mita 900 kwa siku moja. Na kifurushi cha bei rahisi tulichouziwa na ofisi kilikuwa kinakulaza Shipton's saa chache, kisha unaamshwa usiku huo huo kwenda kileleni.

Aliyetuokoa ni mwongozaji mwenyewe. Alimpigia simu mweka hazina wetu tukiwa bado Kisumu: "Mama, nyinyi mnatoka ziwani. Ongezeni usiku mmoja Shipton's, hata kama ni kwa kupunguza nyama." Mweka hazina alinung'unika kama kawaida yake, akatuma pesa. Siku hiyo ya ziada tulipanda polepole hadi Hausburg Col, upenyo ulio juu ya kambi, tukakaa kidogo, tukarudi kulala chini. Kichwa kiliniuma jioni, asubuhi kikanyamaza. Ukiona kampuni inakuuzia njia ya Sirimon bila siku kama hiyo, waambie waiweke, na wakikataa tafuta wengine.

Bonde la Mackinder linalokupeleka Shipton's ni zuri kuliko picha zote nilizowahi kuonyeshwa, lobelia, mimea mirefu ya huko juu, zimesimama kila mahali zimefunga majani yake zikisubiri jua. Pimbi wa kambini, kwa upande wao, ni wezi. Chapati yangu moja ilikwenda mchana kweupe.

Usiku wa kileleni tuliamshwa saa saba. Mwongozaji alipita na kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni kwenye damu. Yangu ilisoma 81, akatikisa kichwa kuridhika, akasema kwa pale ni sawa. Kisha akachora mstari kwenye changarawe kwa fimbo yake, akamtaka kila mmoja atembee juu yake, kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine. Tulicheka, tukatembea. Zamu ikafika kwa kijana wetu wa boda, mwenye nguvu kutuzidi wote, aliyekuwa akitubebea mabegi tangu langoni. Hatua ya tatu akaenda pembeni. Akarudia, akaenda pembeni tena.

"Kijana, wewe unashuka."

"Bosi, mbona niko fiti?"

"Najua. Unashuka."

Hakuna aliyepandisha sauti. Mtu akiyumba namna ile kwenye mwinuko, huenda ubongo umeanza kuvimba, na dawa ya kwanza ni kuteremka, tena bila kungoja mapambazuko. Msaidizi wa mwongozaji alimchukua kijana saa hiyo hiyo, tochi mbili zikapotea kuelekea bondeni. Kufika Old Moses alikuwa anatembea sawasawa na anadai chai. Mpaka leo hajamsamehe mwongozaji, na anasema angefika. Mimi tisa zangu kwa kumi nazitoa kwa ajili ya mstari ule. Kijana alikuwa amelipa kama sisi, na picha ya mteja kileleni ni tangazo kwa kampuni, lakini yule bwana hakutazama upande huo hata kidogo.

Sisi wengine tulipanda. Mwongozaji anatembea mbele, na kumpita ni marufuku. Hatua moja, pumzi moja. Shinikizo la hewa kule ni zaidi kidogo tu ya nusu ya lile la Mombasa, kwa hivyo hata kufunga kamba ya kiatu kunakutaka upumzike. Chupa za maji alituamuru tuzigeuze kichwa chini ndani ya begi, maana barafu huanzia juu; ukiigeuza, mdomo wa chupa unabaki wazi. Mwenzetu mmoja aliyekuja na mfuko wa maji wa mrija alikuta mrija umeganda.

Theluji ilikuwa imeanguka usiku ule. Kwa mtu aliyezoea baridi ya friji ya soda, kuikanyaga ni kitu cha pekee: ni kavu, inalia chini ya kiatu, na ukiichota kwa glavu haishikani, inamwagika. Chini yake mawe yanateleza vibaya, na hapo fimbo mbili za kutembelea zilikuwa na thamani kuliko jaketi. Hizo kampuni inazo nzuri, nawapa haki yao.

Juu kuna kibao, upepo, na watu wanaolia bila sababu. Batian, mita 5,199, na Nelion, 5,188, ziko hapo ng'ambo, lakini hizo ni za watu wa kamba. Mwingereza Mackinder na wenzake walifika Batian mwaka 1899. Sisi wa kutembea kwa miguu tu tunaishia Lenana, mahali ambapo Kisoi Munyao alipandisha bendera ya uhuru mwaka 1963. Ile barafu kubwa ya mlimani iitwayo Lewis ilinivunja moyo. Imebaki kipande cha kijivu chenye vumbi, maana imekuwa ikiyeyuka tangu miaka ya 1930 na kabla ya hapo. Anayetaka kuiona aache kuahirisha.

Chakula, sita kwa kumi. Maji yakichemka Shipton's hayana moto wa kwetu, kwa hivyo mpishi huja na maharagwe yaliyoivishwa Nanyuki. Waliodai nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, walipewa wali.

Kulikuwa na ugomvi mmoja mwishoni. Ofisi ilidai gari lililomchukua kijana langoni mapema lilipwe na sisi kama safari ya ziada. Mwongozaji alisimama nasi mlangoni akawaambia uamuzi ulikuwa wake, si wa mteja. Wakakata nusu. Nusu iliyobaki tulilipa kwa M-Pesa, lakini kabla hujalipa arubuni, uliza kwa maandishi nani anagharamia gari mtu akirudishwa.

Chama kinapanga kurudi mwezi wa nane, na kijana wa boda ni wa kwanza kwenye orodha. Mwongozaji ni yule yule, tumeshamwita moja kwa moja. Vifaa mnavyokodi leteni kwanza dukani nivitazame. Zipu bure, bitana tutaelewana.