Uzoefu wangu: kuchonga na kufuma upya wavu wa modeli kwenye Linux, Mac na Windows

Kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikigeuza milango ya nakshi inayotengenezwa katika karakana ya ami yangu, mtaa wa Langoni hapa Lamu, kuwa modeli za kompyuta ambazo mteja aliye mbali anaweza kuzizungusha kwa kidole kwenye simu yake kabla hajatoa arubuni. Kazi hiyo ina hatua mbili. Ya kwanza ni uchongaji wa kidijitali, yaani kusukuma, kuchimba na kulainisha umbo kwa brashi mpaka ua lionekane ua. Ya pili ni retopolojia, yaani kufuma upya wavu wa modeli ili poligoni, yaani vipande vidogo bapa vinavyounda uso wa modeli, milioni kadhaa zilizozaliwa na uchongaji, zipungue zikawa maelfu machache yaliyopangika vizuri, yanayofunguka kwenye simu ya kawaida. Wanaoniuliza ushauri huulizia hatua ya kwanza peke yake, kwa kuwa ndiyo inayopendeza kutazama. Mimi naamini hatua ya pili ndiyo inayopaswa kuamua programu ya kuchagua.

Nieleze kwanza vyombo nilivyo navyo, maana uchaguzi wangu umetokana navyo. Kompyuta yangu ni laptopu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 inayoendeshwa na Linux. Binamu yangu anayeishi Shela ana Mac yenye chipu ya M1, nami huitumia mwisho wa wiki. Mashine ya tatu ni ya Windows, iko kwenye duka la rafiki yetu ambako picha hutayarishwa kabla ya kutumwa kwa mteja. Faili husafiri baina ya mashine hizi ndani ya flashi, mara nyingine kwa mashua, kwa hiyo programu isiyokaa kwenye mifumo yote mitatu hunikatia njia.

Kwa kigezo hicho ZBrush, programu mashuhuri ya uchongaji, ilitoka mapema katika hesabu yangu. Sina shaka na uwezo wake wa kuchonga: hutegemea zaidi kichakataji kikuu kuliko kadi ya michoro, na hubeba poligoni nyingi mno bila kulemewa, nayo ZRemesher, chombo chake cha kufuma upya wavu, ni miongoni mwa vile vinavyosifiwa zaidi na wachongaji. Lakini imetengenezwa kwa ajili ya Windows na macOS, na tangu mwaka 2024 kwa iPad pia. Toleo la Linux halipo. Mtu anayechonga viumbe kila siku kwenye Mac au Windows ana sababu nzuri ya kuilipia. Mimi ningelazimika kuiacha kazi kila ninaporudi nyumbani.

Jambo jingine lililoniongoza ni leseni. Programu moja ya kulipia kwa mwezi, ambayo sitaitaja, ilikataa kufunguka siku ambayo intaneti ilikuwa imekatika mtaani kwetu, kwa kuwa haikuweza kuhakiki malipo yangu, ilhali mteja alikuwa akisubiri modeli jioni ile ile. Tangu siku hiyo naulizia leseni kabla ya kuulizia brashi.

Zilibaki Blender na 3DCoat. Zote mbili zinapatikana kwenye mifumo yote mitatu. 3DCoat huuzwa pia kwa leseni ya kudumu, na Blender ni programu huria isiyodai malipo wala akaunti. Nilipoijaribu 3DCoat nilipenda sana sehemu yake ya retopolojia, hasa chombo kinachokuwezesha kupiga mistari juu ya umbo, nayo programu ikajaza pembenne, yaani poligoni za pembe nne, katikati ya mistari hiyo. Kwa mtu ambaye kazi yake kubwa ni kufuma nyavu za maumbo ya mviringo, kama mikono na nyuso, ningemshauri aanzie hapo.

Kilichonivuta kwenye Blender ni aina ya kazi yangu. Mlango wa Lamu una sehemu zilizonyooka kabisa, yaani miimo ya pembeni na mfaa, ule mhimili wa katikati, na juu yake una kizingiti kilichojaa maua yanayorudiwa. Vyombo vinavyofuma wavu bila mkono wa mtu, kama QuadriFlow iliyomo ndani ya Blender tangu toleo 2.81 la mwaka 2019, hutawanya pembenne karibu sawa kila mahali. Kwenye ubao ulionyooka hizo ni poligoni za bure, na kwenye ncha ya jani, ambako jicho la mteja litatua, hazitoshi. Mistari ya wavu nayo haifuati shina la ua. Hukata kati, na ukingo wa mwimo huonekana umepinda kama ubao uliolowa maji. Instant Meshes, programu ndogo ya bure inayofanya kazi kwenye mifumo yote mitatu, husaidia kidogo kwa kuwa ina kitana cha kuchania mwelekeo wa wavu kabla haujafumwa. Naitumia kwa modeli za kuchapwa katika umbo la plastiki, ambako mpangilio wa pembenne hauna uzito mkubwa.

Kwa kizingiti nilifuma ua moja kwa mkono. Niliwasha unasaji wa nyuso, ili kila pointi ninayoiweka igande juu ya umbo lililochongwa, nikazungusha pembenne kwenye moyo wa ua kwanza, kisha nikazitoa nje petali baada ya petali. Kazi hiyo ilinichukua jioni nne. Nilipomaliza nikalirudia ua hilo mara kumi na mbili kwa amri moja, nikaona nimefika, nikamwonyesha ami.

Alitazama kwa muda, akasema, «Mwanangu, huu si mlango wangu. Maua yangu hayafanani hivi.»

Alikuwa sahihi. Patasi ya mkono haitoi maua mawili yaliyo sawasawa. Ndipo nilipojifunza thamani ya zana ya Blender iitwayo Shrinkwrap, ambayo hulivuta umbo moja na kulilaza juu ya jingine kama kitambaa chepesi. Nilichukua nakala za wavu wangu wa ua moja, nikaiweka kila nakala juu ya ua lake katika modeli nzito niliyoipata kwa kuupiga mlango picha nyingi kwa simu, kisha nikaiacha ijilaze. Mpangilio wa pembenne ukabaki ule ule katika maua yote, lakini kila ua likachukua sura yake, pamoja na petali moja iliyo fupi kuliko wenzake. Modeli iliyokuwa na poligoni zaidi ya milioni sita ilishuka chini ya elfu ishirini. Kazi ya jioni nne imeshatumika katika milango mitatu mingine.

Kuhamia mashine hadi mashine kuna mitego yake. Kwenye Windows, kalamu ya kuchorea ilikuwa haitambui nguvu ya mkono mpaka nilipobadilisha, katika mapendeleo ya Blender, njia ya kuisoma kutoka Windows Ink kwenda Wintab. Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo katika majina ya faili, kwa hiyo picha iliyoitwa Mlango kwenye Windows haikuonekana kwangu ilipotafutwa kwa jina la mlango. Sasa naandika majina yote kwa herufi ndogo na kuzipakia picha ndani ya faili lenyewe. La kuzingatia zaidi ni toleo. Tangu Blender 4.0, kadi ya michoro kwenye Linux na Windows ni lazima imudu OpenGL 4.3, yaani toleo la kanuni ambazo programu hutumia kuwasiliana na kadi hiyo, na laptopu yangu haiimudu. Kwa sababu hiyo mashine zote tatu tumeziacha kwenye toleo 3.6, hata ile Mac ambayo ingeweza kuendelea mbele, kwani faili lililohifadhiwa katika toleo jipya huweza kufika kwenye la zamani likiwa limepungua.

Kwa michoro ya kwanza ya nakshi, ami akiwa ananielekeza mahali pa kuchimba, natumia Nomad Sculpt kwenye tableti ya Android. Hununuliwa mara moja, ipo pia kwenye iPad, na hutoa faili ambalo Blender hulifungua bila tabu. Ameanza kuishika kalamu mwenyewe, na wiki iliyopita alichonga ua lenye petali nane bila msaada wangu. Wavu wake nitaufuma Jumamosi, Shela, binamu akinipa nafasi.