PET ya ubongo Nairobi: kazi yote iko kabla ya mashine

Kifafa changu hakitulii kwa dawa, na daktari alitaka kujua kinaanzia wapi ubongoni kabla hatujazungumzia upasuaji. Akanituma nikapigwe PET, yaani picha inayoonyesha jinsi ubongo unavyotumia sukari, katika hospitali moja hapa Nairobi. Nawapa nyota nne.

Mashine yenyewe haina neno. Unalala, kichwa kinashikiliwa kisitikisike, baada ya muda mfupi umemaliza. Kazi iko kwenye kusubiri. Unadungwa glukosi (sukari) yenye florini-18, chembe ya mionzi inayoonekana na mashine, kisha ubongo unaachwa uile. Sehemu inayofanya kazi zaidi ndiyo inayokula zaidi, kwa hiyo ukichezea simu, sehemu ya kuona kule kisogoni itang'aa; ukipiga soga, ya lugha nayo.

Hapa ndipo waliponifurahisha. Nilikuwa sijala tangu usiku. Sista akanitoboa kidole: sukari 5.1. Akasema ikipita kama 9 hivi wangeniahirisha, maana sukari ya damu na ile ya dawa unayodungwa hugombania mlango mmoja wa kuingia ubongoni, na picha hufifia. (Wenye kisukari, pigeni simu mapema muulize habari ya insulini, msijipangie.) Mrija wa mshipani uliwekwa kwanza, nikaachwa nitulie kwenye chumba chenye mwanga hafifu, bila simu wala maongezi, ndipo dawa ikaingia kimyakimya. Dawa zangu za kifafa nilimeza kama kawaida. Kichwani nilifungwa waya za EEG, za kupima umeme wa ubongo, kwa sababu kifafa kikikushika wakati huo, sehemu mbovu ambayo siku zote hula kidogo inaweza kuwaka, na msomaji wa picha akaelewa kinyume.

Nyota ya tano wameinyima wenyewe kwa karatasi yao ya maelekezo. Inasema usile, basi. Kahawa haikutajwa, wala dawa za usingizi, ilhali kafeini hupunguza damu inayokwenda ubongoni, na dawa za jamii ya diazepamu hushusha ulaji wa sukari ubongo mzima. Mimi nilishaambiwa na daktari wangu. Mzee tuliyekaa naye mapokezi, naye akisubiri ya ubongo, alikuwa anakunywa kahawa yake taratibu na hakuna aliyemsemesha.

Picha zangu zilionyesha sehemu iliyo karibu na sikio la kushoto ikila kidogo kuliko mwenzake wa kulia. Madaktari wa upasuaji watanijadili mwezi ujao.