Silver Ghost ya 1911: kuondoka raha, kusimama kazi

Injini ya Silver Ghost hii, gari la Rolls-Royce, sina ugomvi nayo. Silinda 6, lita 7.4, inavuta vizuri hata ikizunguka polepole. Ukishaingiza gia ya tatu, ambayo kwenye giaboksi hii ndiyo ya mwisho, gia utaisahau. Isipokuwa milimani: mwaka 1912 gari la gia 3 lilikwama mlima Katschberg huko Austria, na 1913 kiwanda kikarudisha gia 4.

Lawama zangu ni uzito na breki. Kiwanda kiliuza chesi tupu, yaani fremu na mitambo yake, bodi mteja akaenda kuichongesha kwingine. Bodi ya wazi ni nyepesi. Ukipandisha limuzini ya mbao na vioo, na watu ndani, unavuka tani 2, ilhali breki ni zilezile, za nyuma tu. Za mbele zilikuja 1924!

Halafu pedali yenyewe haibani magurudumu. Inabana ngoma moja iliyo nyuma ya giaboksi, kwa hiyo nguvu yote ya kusimamisha inapitia propela, yaani mtaimbo unaopeleka nguvu nyuma, na difu, gia za katikati ya magurudumu ya nyuma. Kwenye mteremko mrefu ngoma inachemka, breki inalegea, na viungo vya propela ndivyo vinavyoumia. Hendibreki, upande wa kulia wa dereva, ndiyo inayofika kwenye magurudumu. Mimi naifanya breki ya kazi, pedali naigusa kwa vipindi ipate kupoa. Gia ya kushukia naiingiza nikiwa bado juu ya mlima, kabla gari halijaanza kuteremka. Hakuna sinkro, kifaa cha kulinganisha kasi za gia: lazima ukanyage klachi mara mbili na kupandisha mizunguko ya injini katikati. Ukikosea mteremkoni unabaki frii, bila gia yoyote, tani 2 zinakusukuma.

Klachi ni koni iliyovikwa ngozi. Ngozi ikikauka inashika ghafla, gari linaruka. Ilainishe kwa mafuta ya nyonyo, kidogo tu, yakizidi inateleza.

Usukani ni mzito gari likiwa limesimama, usiulazimishe. Acha magurudumu yazunguke hata nusu mzunguko, utaona unavyolegea. Upepo wa tairi pia upime kila safari, maana tairi hizi hushikwa na ukingo wa rimu; upepo ukipungua, kwenye kona linachomoka.

Juu ya usukani kuna kijiti cha taimingi, cha kuwahisha au kuchelewesha cheche ya injini. Kirudishe nyuma kabla ya kupiga hendeli ya kuwashia injini, la sivyo hendeli itarudi kwa kasi na kukuvunja kifundo cha mkono. Gari likiwaka, kisogeze mbele taratibu.