TAHADHARI: Wanakuuzia prosesa isiyokubali kwenye mashine yako halafu wanakwambia mazabodi imeungua

Wakuu someni hii, hasa nyie mnaotaka kuziongezea nguvu zile desktopu za Dell used. Kuna duka Kariakoo linapiga watu na fundi wao yuko hatua chache tu, lao moja.

Mdogo wangu ana OptiPlex 3050 yenye i5-6500, mashine nzima kabisa. Anaediti video akataka kitu chenye kasi, akaenda pale wakamwambia chukua i5-8400, hii ina kori 6 yako ina 4, soketi (sehemu prosesa inapokaa) ni ileile LGA1151 inaingia bila shida. Na kweli inaingia, ndo mtego wenyewe huo! Kafunga nyumbani, feni inazunguka, taa ya pawa inapepesa rangi ya chungwa, skrini nyeusi tii. Kurudi dukani wakampeleka kwa huyo fundi, jamaa hata hajafungua vizuri kashasema mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) imeungua wakati unafunga, leta laki na nusu nikuwekee nyingine na hiyo mbovu niachie. Hiyo "mbovu" wiki ijayo anauziwa mtu mwingine.

Hakuna kilichoungua. Tuliichukua mashine tukarudisha i5-6500 yake, ikawaka hapohapo.

Iko hivi, Intel walipotoa prosesa za jenaresheni ya 8 (kizazi cha 8, ndo hiyo 8 ya i5-8400) mwaka 2017 umbo la soketi walilibakiza ila kazi za baadhi ya pini wakabadilisha, kwa hiyo mazabodi zenye chipseti (chipu ya mazabodi inayoamua inapokea prosesa zipi) za H110, B150, B250, Q270 na wenzake zinapokea jenaresheni ya 6 na ya 7 basi, ya 8 na ya 9 zinataka H310, B360 na wenzake. Hiyo 3050 ni B250. Hata uapdeti bayosi (programu inayoiwasha mashine) ya Dell, utoe betri ya CMOS, ubadilishe ramu, haitawaka, na kila kimoja hapo wapo wa kukutoza hela. Mtu anayeshinda anauza prosesa hili analijua, ndo maana nasema ni wizi na inaniuma maana wanaoumizwa ni wanafunzi na vijana wanaojitafuta.

Kabla hujatoa hela fungua CPU-Z (programu ya bure inayoonyesha vifaa vya kompyuta) uone chipseti yako, au ingiza namba ya service tag (iko kwenye stika ya mashine) kwenye tovuti ya Dell. Kwa 3050 mwisho ni i7-7700. Angalia pia maandishi juu ya prosesa, ikiwa imeandikwa Intel Confidential bila jina la modeli hiyo ni ya majaribio ya kiwandani, iache. Dai risiti ya EFD iliyoandikwa modeli kamili, sisi hela ya prosesa mpaka leo hawajarudisha, wanasema kitu kikishafungwa hakirudi.

Kama mashine yako iko kwa fundi sasa hivi kwa kesi ya namna hii, kaifuate leo, mwambie arudishe prosesa ya zamani aiwashe ukiwa umesimama hapo, na usimwachie mazabodi.