Kliniki ya wamama njia ya Mamboleo, Kisumu: nyota nne, ya tano imeliwa na ngazi

Ngazi ziko 34. Najua juu nilizihesabu, nilifika ya 17 nikakaa chini nikatapika kwa mkebe wangu, alafu nikamalizia zingine 17 nikishika ukuta. Sasa mtu anafungua kliniki ya wajawazito anaiweka huko juu, na hapo chini yake kuna hoteli inakaanga samaki aina ya mbuta kutoka saa nne asubuhi mpaka jioni, aki nani aliwashauri? Hiyo ndio nyota yenye nimewanyima. Zingine nne wamezitolea jasho.

Wacha nieleze nilifika aje huko. Mimba yangu ya pili, 2025, ilianza kunisumbua wiki ya tano. Si ile ya asubuhi unatafuna biskuti kavu inatulia, hapana, hii ilikuwa mara kumi na tano, ishirini kwa siku, maji yanarudi, mate yenyewe hayamezeki, nikawa natembea na mkebe wa Kimbo wenye kifuniko kama mzee wa tumbaku. Na mimi nakaa Dunga. Mnajua Dunga, ile ya wavuvi kando ya ziwa, omena imeanikwa kila mahali, upepo ukitoka ziwani nilikuwa nafunga dirisha najifunga leso puani nimeikamulia ndimu. Mama mkwe akaniletea odowa kutoka Kibuye, zile mawe laini wajawazito hutafuna, nikalamba, ikarudi. Akaniangalia akasema, "Nyar Kakamega (yaani binti wa Kakamega), hii mimba unaitaka kweli? Mimi nilibeba saba na jembe mkononi." Hakusema kwa ubaya, huyo mama ndiye alikuwa ananifulia mpaka nguo za ndani. Lakini hilo neno lilinikaa kwa roho.

Mahali nilianzia, sitawataja, niliwekwa dripu ya glukosi nikaambiwa ni kawaida ya mimba, ukule kidogo kidogo, nenda nyumbani. Nilienda mara tatu. Mara ya tatu daktari hakuinua hata macho kutoka kwa simu.

Hawa wa Mamboleo, kitu ya kwanza sista alifanya ni kunipima uzito na kuniuliza kabla ya mimba nilikuwa kilo ngapi. 61. Mashini ikasoma 55. Akaniambia ukishapoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wako, na kwangu hiyo ni kama kilo 3 tu, hapo tumetoka kwa kichefuchefu cha kawaida, ugonjwa una jina, haiperemesisi, na unatibiwa. Mkojo ulikuwa rangi ya strungi. Ketoni plasi tatu, yaani mwili umekosa chakula umeanza kujila mafuta yake wenyewe. Wakaniwekea dripu ya maji ya chumvi, na kabla ya yote vitamini B1, juu daktari alisema mtu ametapika wiki nyingi hivyo ukimwagia sukari kwa mshipa bila B1 unaweza kumharibu ubongo. Nikakumbuka zile glukosi zangu tatu nikanyamaza.

Dawa ya kwanza, metoklopramaidi, ilinikataa, usiku mzima miguu haitulii nazunguka nyumba kama mlinzi, nikapiga simu na simu ikashikwa (!) wakanibadilishia ondansetroni. Hiyo walinieleza kabla sijameza, kwamba inafunga choo, na ilinifunga kweli, na kwamba ikitumika miezi ya kwanza kuna hatari ndogo sana ya mtoto kuzaliwa na mdomo sungura, nikaulizwa naamua aje. Kuulizwa tu nilishangaa.

Kuna siku mama mkwe alinisindikiza. Daktari mwenyewe ni kijana mdogo lakini ana adabu, akamvutia kiti, akamwambia, "Mama, hii kitu inatoka kwa kondo la nyuma." Akaeleza kuna homoni inaitwa GDF15, ati mwanamke kama kabla ya mimba mwili wake ulikuwa na kidogo haukuizoea, sasa ikimwagika kwa wingi ubongo unashtuka anatapika, na kwamba utafiti wa hiyo mambo ulitoka kwa jarida la Nature mwisho wa 2023, kwa hivyo hata madaktari zamani walikuwa wanawalaumu wamama bure, wakisema ni kichwa, ni mtu hataki mtoto. Mama mkwe akakaa. Akauliza, "Kwa hivyo si roho yake?" Daktari akasema si roho, mama. Basi akainama akachukua mkebe wangu chini ya kitanda akaenda kuuosha, na hiyo swali hajawahi kuirudia.

Lakini kitu imenifanya niandike hii rivyuu si dripu. Siku ya pili sista alivuta pazia, akakaa kwa kitanda, akasema ana maswali kumi na nijibu venye nimesikia wiki moja imepita. Ni yale ya Edinburgh, yalitungwa huko Uskoti 1987 kwa wamama waliojifungua lakini hata mjamzito anaulizwa. La kwanza ni kama bado unaweza kucheka vitu vikichekesha. La kwanza tu, na nikaanza kulia, hata halikuwa swali ya kulia. La kumi linauliza kama umefikiria kujidhuru. Hapo nikanyamaza kabisa, juu nilikuwa najua mtu akisema hivyo anaitiwa polisi. Akaniambia hiyo sheria ya kumshtaki mtu akijaribu kujiua Mahakama Kuu iliiangusha tarehe 9 Januari mwaka huo huo, na hata kama ingekuwepo, yeye ni nesi si askari. Basi nikasema. Kwamba kuna usiku nilikuwa naomba nisiamke, na kwamba mara mbili nilikuwa nimefikiria kuitoa mimba yenye nilikuwa nimeiombea miaka miwili. Hakushtuka, hakunihubiria. Akajumlisha, 21 kati ya 30, akasema kuanzia 13 hawamwachi mtu aende hivi hivi. Sikutoka hapo mpaka mzee wangu akaja na nguo zake za kazi zimejaa grisi, wakaongea na yeye pia, akaambiwa asiniache peke yangu usiku, na kesho yake asubuhi sista akapiga simu kuuliza nimeamkaje.

Kaunsela ni mzuri ila anakuja Jumanne peke yake, na chumba chake kimegawanywa na pleiwudi, shida za mama wa upande wa pili nilizijua zote mpaka za mpango wa kando wa bwanake. Hiyo warekebishe haraka. Na TV ya risepsheni imekwama kwa kipindi cha mapishi, watu wanatapika hapo wakionyeshwa vitunguu vikikaangwa, ukiuliza unaambiwa rimoti imepotea. Tangu mwezi wa pili wa mimba yangu mpaka wa tisa imepotea tu.

Bei si ya bure. Kumuona daktari 800, dripu na dawa zake 2,500, kaunsela 1,000, na dripu nilipigwa nane. Friji ikaenda. Ila wanakubali ulipe kidogo kidogo, nilimaliza deni nikiwa na mtoto mgongoni.

Kutapika kulipungua wiki ya 22, kuisha hakukuisha, siku ya kuzaa bado nilikuwa na mkebe. Wao hawazalishi, nilijifungulia Russia, yaani ile hospitali kubwa ya Jaramogi hapa Kisumu, lakini chanjo ya wiki 6 nilirudi kwao na sista akatoa tena karatasi yake ya yale maswali kumi. Nikapata 8. Akaniuliza kama nimecheka wiki hii nikamwonyesha TV, walikuwa wanafundisha kupika omena.

Kama unaenda, nenda Jumanne, fika kabla ya saa nne hoteli haijawasha mafuta, mwambie mtu akushike mkono kwa ngazi, na ubebe mkebe wako, wa kwao hauna kifuniko.