Casio fx-82MS kwenye hesabu za sehemu mchanganyiko

Kwa kuhakiki majibu ya sehemu mchanganyiko, kikokotoo cha fx-82MS kinatosha kabisa, na kwa kuwa hakiwekewi programu, mtahiniwa wa KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya) anaruhusiwa kuingia nacho. Kumfundishia mtoto sehemu ni jambo jingine.

Kitufe cha kazi ni a b/c. Ili kujumlisha 2 3/4 na 1 5/6, bonyeza 2, a b/c, 3, a b/c, 4, kisha +, kisha 1, a b/c, 5, a b/c, 6, na =. Jibu ni 4⌟7⌟12, yaani 4 7/12, limeshafupishwa. Ukibonyeza SHIFT na a b/c unapata sehemu guni, 55⌟12. A b/c peke yake inaleta 4.583333333.

Wengi hukwama kwenye vipeo. Ukiandika 2⌟1⌟3 ukabonyeza x², unapata 2⌟1⌟9, kwa sababu kipeo hukokotolewa kabla ya sehemu, hivyo kinaishia kwenye 3 pekee. Weka mabano: (2⌟1⌟3)² inatoa 5⌟4⌟9, ambalo ndilo jibu sahihi. Mabano haya yafanywe mazoea tangu siku ya kwanza.

Usichanganye sehemu na desimali. 2⌟1⌟3 + 0.5 inaleta 2.833333333, andika 1⌟2 badala ya 0.5, utapata 2⌟5⌟6. Tena, tarakimu pamoja na alama za ⌟ zikizidi 10, jibu linageuka desimali lenyewe: 15 7/16 × 3 5/64 ni 47 531/1024, lakini utaonyeshwa 47.51855469. Na ukikutana na ujumbe wa kosa kila unapoingiza sehemu mchanganyiko, huenda mtu amebadili mpangilio kuwa d/c, ule wa sehemu guni. Bonyeza MODE mpaka uone Disp, ingia humo, urudishe ab/c.

Udhaifu wake mkubwa ni maandishi yenyewe. 2⌟3⌟4 haionyeshi kwamba ni 2 + 3/4, na mwanafunzi mchanga huisoma kama 2 × 3/4. Wala haonyeshwi hatua hata moja. Kwa hiyo aandike kwanza daftarini: 11/4 + 11/6, KDS (kigawe kidogo cha shirika) ni 12, 33/12 + 22/12 = 55/12, ndipo ahakiki. Anayetaka kuona kiasi juu na asili chini achukue fx-82ES PLUS, ila huko majibu hutoka kama sehemu guni mpaka ubadili mpangilio.